Mahali pa Kanuni: Mhadhara juu ya Kubadili Hukumu za Biashara katika Mifumo ya Kompyuta

 

Maudhui ya mhadhara huu ni haya: vipi kanuni za biashara zilizomo ndani ya programu za makampuni, mabenki na idara za serikali zinaweza kubadilishwa kwa wepesi. Kwa kanuni za biashara nakusudia zile hukumu ambazo shirika huzifuata katika kutoza, kulipa, kukubali na kukataa, mathalan kiwango cha kodi, ada ya muamala, kikomo cha mkopo, au siku za likizo. Nitadai jambo moja, na yote nitakayoyasema yatalitumikia: kwamba kanuni huwa nyepesi kubadilika pale inapokuwa na mahali pake pamoja, tarehe yake, na mwenyewe anayeweza kuisoma, na mambo hayo yakikosekana, hakuna chombo, hata kiwe cha thamani gani, kitakachotuokoa.

Labda yuko mwenye kusema moyoni mwake kwamba kadhia hii ni ya mafundi, na afadhali tuwaachie mafundi. Namsihi afikiri tena. Katika Tanzania, Kenya na Uganda hotuba ya bajeti husomwa mwezi wa Juni, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Maana yake ni kwamba baina ya siku waziri anapofungua mkoba wake bungeni na siku ambayo karani wa mishahara atatakiwa kutumia viwango vipya haupiti mwezi mzima, na sheria yenyewe aghalabu hutiwa saini siku za mwisho mwisho. Wenye simu za mkononi watakumbuka tozo ya miamala iliyoanza kukatwa Tanzania tarehe 15 Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa kadiri ya ukubwa wa muamala. Kabla mwaka ule haujaisha viwango vilipunguzwa kwa asilimia 30; Julai 2022 kikomo cha juu kikashushwa kutoka shilingi 7,000 hadi 4,000; tarehe 1 Oktoba 2022 baadhi ya miamala ikatolewa kabisa katika tozo; na kwa bajeti ya mwaka 2023 kutuma fedha kukasamehewa, kukabaki kutoa. Sisemi kama tozo ile ilikuwa njema au mbaya, maana sikuitwa hapa kwa ajili hiyo. Nasema kwamba kila badiliko lilibidi liingie katika mitambo ya makampuni ya simu, na mengine katika ya mabenki, na kwamba nyuma ya kila badiliko palikuwa na watu waliokesha.

Hoja yangu ya kwanza ni kwamba kanuni iwe na mahali pamoja pa kukaa. Mwaka 1972 mwanazuoni David Parnas alichapisha makala fupi juu ya namna ya kuigawa programu katika sehemu zake. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuigawa kwa kufuata hatua za kazi, hii kwanza na ile ya pili. Yeye akasema mgawanyo uanze kwa kuorodhesha maamuzi yaliyo magumu na yale yanayoelekea kubadilika, kisha kila uamuzi usitiriwe ndani ya sehemu yake, sehemu nyingine zisiujue. Miaka zaidi ya hamsini imepita, na bado nikifungua programu za mishahara naona wengi wetu hatujamsikia.

Chukueni kodi ya mshahara ya Tanzania. Hadi Juni 2021 kiwango chake cha chini kilikuwa asilimia 9, na kuanzia Julai kikawa asilimia 8. Fundi aliyepewa kazi ya kukibadilisha hufungua programu na kutafuta 0.09. Anaikuta katika hesabu ya mshahara wa mwezi. Anaikuta tena katika hesabu ya malimbikizo. Anaikuta mara ya tatu katika taarifa ya mwisho wa mwaka, alikoinakili mwenzake aliyekwisha acha kazi zamani. Kisha anaikuta mahali pa nne ambapo haihusiani na kodi hata kidogo, kwa kuwa ni riba ya mkopo wa wafanyakazi. Akizibadilisha zote ameharibu mikopo, na akiacha moja katika zile tatu ameharibu kodi. Tena iko ya tano ambayo hataiona kabisa, maana aliyeiandika aliandika 9 na kuigawanya kwa 100. Kanuni iliyotapakaa namna hii ni sawa na chumvi iliyokwisha korogwa mchuzini. Dawa yake haina siri: kiwango cha kodi kiandikwe mara moja tu, katika jedwali linalojulikana kwa jina lake, na kila sehemu ya programu yenye haja nacho iende ikakiulize pale.

Hoja ya pili ni jirani ya ile ya kwanza, lakini naitenga kwa sababu naiona ikisahauliwa hata na waliokwisha tengeneza majedwali mazuri. Jedwali na lishike asili ya kanuni, wala lisishike matokeo yake. Viwango vya mshahara vilivyoanza Julai 2021 huandikwa hivi: pato lisilozidi shilingi 270,000 kwa mwezi halitozwi, kutoka hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8 ya kinachozidi 270,000, kutoka hapo hadi 760,000 hutozwa shilingi 20,000 na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, hadi 1,000,000 hutozwa 68,000 na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, na zaidi ya hapo hutozwa 128,000 na asilimia 30 ya kinachozidi milioni. Sasa, zile 20,000, 68,000 na 128,000 zimetoka wapi? Hazikutungwa na mtu. Asilimia 8 ya shilingi 250,000 ni 20,000; ongezeni asilimia 20 ya 240,000, ambayo ni 48,000, mnapata 68,000; ongezeni asilimia 25 ya 240,000, ambayo ni 60,000, mnapata 128,000. Kiwango cha chini kilipokuwa asilimia 9, namba hizo zilikuwa 22,500, 70,500 na 130,500.

Tazameni basi linalotokea fundi anapoambiwa na mkuu wake, kwa simu, kwamba asilimia 9 imekuwa 8. Anabadilisha ile 9, anazisahau zile tatu. Mfanyakazi mwenye pato linalotozwa la shilingi 600,000, ambaye anapaswa kulipa 36,000, anakatwa 38,500. Na kila aliye juu ya 520,000, awe mwalimu au mkurugenzi, anakatwa shilingi 2,500 zaidi ya haki kila mwezi. Hakuna kengele itakayolia. Kosa ni dogo mno kuonekana katika hati ya mshahara ya mtu mmoja, na ni kubwa mno kusameheka katika orodha ya watu elfu tatu. Lau jedwali lingeshika mipaka na asilimia peke yake, na mashine ikaachiwa kujumlisha, badiliko lingekuwa la tarakimu moja na kosa hili lisingekuwa na mlango wa kuingilia.

Hoja ya tatu, ambayo kwangu mimi ndiyo yenye uzito kuliko zote, ni tarehe. Wengi hudhani kubadili kanuni ni kuifuta ya zamani na kuiandika mpya mahali pake. Mtu wa sheria hawezi kudhani hivyo, kwa sababu anajua kwamba sheria iliyofutwa huendelea kuhukumu yaliyotendeka wakati wa uhai wake. Kenya ilishusha Kodi ya Ongezeko la Thamani kutoka asilimia 16 hadi 14 tarehe 1 Aprili 2020, wakati wa maradhi ya korona, na ikairudisha 16 tarehe 1 Januari 2021. Mwenye duka la vyombo vya umeme aliuza jokofu mwezi wa Disemba kwa shilingi 50,000 kabla ya kodi, akatoza kodi 7,000. Mwezi wa Januari mnunuzi akalirudisha kwa kuwa halipozi. Programu isiyojua tarehe hutoa hati ya marejesho kwa kiwango cha leo, shilingi 8,000, na kwa hiyo mwenye duka hujikuta anaidai serikali shilingi 1,000 ambazo hakuna aliyepata kuzilipa. Tiba yake ni kwamba kila mstari wa jedwali uwe na siku ya kuanza na siku ya kukoma, mstari wa zamani usifutwe kamwe, na programu isiulize kiwango ni kipi bila kusema ni cha siku ipi. Faida nyingine ya utaratibu huu ni kwamba viwango vya Julai vinaweza kuingizwa Juni, katika saa za kazi, watu wakiwa na akili zao, navyo vikangojea siku yao.

Lakini tarehe moja haitoshi. Wanasheria mliopo mtakumbuka Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka 2023, iliyokusudiwa kuanza tarehe 1 Julai. Tarehe 30 Juni Mahakama Kuu ikaisimamisha. Tarehe 28 Julai Mahakama ya Rufani ikaondoa zuio. Ndani ya sheria ile mlikuwamo ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara kwa mfanyakazi na kiasi kama hicho kwa mwajiri. Nao baadaye ukatangazwa kuwa kinyume cha katiba Novemba 2023, ukasimamishwa mwishoni mwa Januari 2024, na ukarudi Machi 2024 kwa sheria mpya iliyosimama peke yake. Mwajiri aliyelipa mishahara Julai 25 pasipo kukata ushuru hakukosea kwa mujibu wa aliyoyajua siku ile, na mkaguzi ajaye baada ya miaka mitatu sharti aweze kuliona hilo. Kwa hiyo mfumo wenye busara huhifadhi tarehe mbili: siku kanuni inapoanza kutawala, na siku sisi tulipoijua na kuiandika. Ya kwanza hujibu swali la anadaiwa nini, ya pili hujibu kwa nini tulimtoza tulivyomtoza. Najua mafundi mlio nyuma ya ukumbi mnaguna, kwa kuwa tarehe mbili huongeza kazi karibu maradufu. Guneni, ila msiziache pale penye fedha za watu na mahakama.

Hoja ya nne yahusu mwenye kanuni. Kiwango cha kodi si mali ya fundi. Wala ada ya benki si yake, wala masharti ya bima. Fundi ni mwandishi wa kuajiriwa, na tangu zamani pamekuwa na tamaa ya kumwondoa katikati. Lugha ya COBOL, iliyobuniwa Marekani kuanzia mwaka 1959 kwa kufuata kwa sehemu kubwa nyayo za mtaalamu wa kompyuta Grace Hopper, ilitumia maneno ya Kiingereza cha kawaida kwa matumaini kwamba hata wakuu wa ofisi wataweza kuisoma programu. Mnajua mwisho wake: mwezi wa Aprili 2020, baada ya bunge la Marekani kuongeza dola 600 kwa wiki katika malipo ya wasio na kazi, gavana wa New Jersey alisimama hadharani kuomba watu wa kujitolea wanaoijua COBOL. Wakuu wa ofisi hawakuwa wameisoma.

Jaribio jingine, ambalo mimi nalipenda zaidi, ni jedwali la uamuzi, lililoanza kutumika katika miaka ya mwisho ya 1950, General Electric wakiwa miongoni mwa wa kwanza, na ambalo mwaka 2015 lilipata kipimo cha kimataifa kiitwacho DMN. Safu za kushoto huandikwa masharti, safu ya kulia huandikwa hukumu: mkopaji ana mshahara unaopitia kwetu, ndiyo au hapana, ana deni jingine, ndiyo au hapana, basi apewe mara ngapi ya mshahara wake. Uzuri wake ni kwamba pengo huonekana kwa macho. Masharti mawili ya ndiyo na hapana huzaa hali nne, na jedwali lenye mistari mitatu limesahau mtu. Mhasibu ambaye hajapata kuandika programu maishani mwake huliona hilo, na hupiga kelele.

Hapa sharti niseme hukumu yangu, ijapokuwa wauzaji wa programu hawataipenda. Wao huahidi kwamba mwenye biashara ataandika kanuni zake mwenyewe, asimhitaji fundi tena. Katika ofisi nilizopata kuzihudumia sijaona ahadi hiyo ikitimia. Baada ya miezi michache meneja huchoka, na fundi huitwa aje aandike kanuni ndani ya chombo kilichonunuliwa ili asiitwe. Kitu kinachowezekana, nacho ni kikubwa, ni kwamba mwenye kanuni aisome ilivyoandikwa, aseme ndivyo au sivyo, na atie saini. Watafiti wa taasisi ya Inria ya Ufaransa wametengeneza lugha iitwayo Catala ambamo ibara ya sheria na maandishi ya programu hukaa ukurasa mmoja, kila ibara na yake, ili mwanasheria na fundi waketi pamoja na kusoma mstari kwa mstari. Wao wamelenga kusoma, na wamelenga vema.

Hoja ya tano ni onyo. Viko vyombo viitwavyo injini za kanuni, ambavyo hupewa kanuni nyingi, kila moja peke yake, na kuchagua vyenyewe ipi itumike lini. Kampuni ya Marekani ya Digital Equipment Corporation ilikuwa miongoni mwa waliotangulia kuvitumia kwa kazi nzito: kuanzia mwaka 1978 John McDermott wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliwatengenezea mfumo wa kupanga vipande vya kompyuta kwa kila agizo la mteja, ukajulikana kwa jina la XCON. Ulifanya kazi, ukasifiwa, ukakua kutoka kanuni mia kadhaa hadi maelfu. Na kadiri ulivyokua, kuubadilisha kukawa kugumu, kwa kuwa kanuni moja ikiguswa hapa nyingine hugeuka kule, na mpangilio wa utendaji haukuandikwa mahali popote pa kusomeka. Chombo kilichokusudiwa kurahisisha mabadiliko kilihitaji watu wake maalumu wa kukibadilisha.

Nachukua funzo hili: kila kitu kisitolewe nje ya programu. Kuna mambo yanayobadilika kila bajeti, kama viwango na mipaka. Hayo yakae katika majedwali. Kuna yanayobadilika mara moja katika miaka kadhaa, kama namna ya kukokotoa mafao ya uzeeni. Hayo yaandikwe kwa msimbo wa kawaida, safi, mahali pamoja, na fundi ayabadilishe. Na kuna yasiyobadilika, kama kwamba jumla ya mkono wa kushoto wa leja sharti ilingane na ya mkono wa kulia. Anayelifanya jambo hilo kuwa hiari ya meneja ametengeneza mlango wa wizi. Kipimo ninachokitumia ni swali moja: nani ana mamlaka ya kulibadili jambo hili, naye hulibadili kila baada ya muda gani? Jibu likiwa hakuna mwenye mamlaka hayo, libakie ndani.

Hoja ya sita nitaipitia haraka, kwa kuwa mabenki mnaijua kuliko mimi. Wepesi wa kubadili bila ukaguzi ni hatari tupu. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya udalali wa hisa ya Knight Capital, huko Marekani, iliingiza programu mpya katika seva saba, ya nane ikasahauliwa. Ndani yake msimbo wa kale uliokwisha achwa ukafufuka, na kwa muda wa dakika 45 hivi kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 440. Basi mwenye kuandika kanuni asiwe ndiye mwenye kuiidhinisha. Na kabla kanuni mpya haijaanza, ipitishwe juu ya orodha ya mishahara ya mwezi uliopita, kisha watu waketi waangalie nani amepanda, nani ameshuka, na kwa nini. Lile kosa la shilingi 2,500 nililolieleza lingedakwa hapo katika dakika chache.

Waheshimiwa, yaliyobaki hayako mikononi mwa mafundi. Mwaka 2016 serikali ya Ufaransa ilichapisha hadharani programu yenyewe inayokokotoa kodi ya mapato ya raia wake, ili kila mtu aisome na kuipima. Sisi hatuna haja ya kuanza mbali kiasi hicho. Mamlaka zetu za mapato, katika Tanzania, Kenya na Uganda, zingeweza, pamoja na kila sheria ya fedha, kutoa majedwali ya viwango yaliyopangwa kwa namna ya kusomwa na kompyuta, kila mstari na tarehe yake ya kuanza na ibara ya sheria iliyouzaa, yakifuatana na mifano iliyokokotolewa: pato hili, kodi hii. Kila kampuni ingeipitisha mifano hiyo katika mfumo wake, na ingejua kabla ya mshahara wa kwanza kulipwa kama imeifahamu sheria au haikuifahamu. Gharama yake ni kazi ya wataalamu wachache kwa siku chache. Hasara ya kutoifanya hulipwa kila Julai na maelfu ya ofisi, kila moja ikiandika upya yale yale, na kila moja ikikosea kwa namna yake.

Wahasibu na mawakili mlio katika ukumbi huu ndio mnaosikilizwa na mamlaka hizo zinapokusanya maoni kabla ya bajeti. Nawaomba, safari ijayo mtakapopeleka maoni yenu juu ya viwango, mwongeze ukurasa mmoja wa kudai majedwali na mifano.